Mahakama ya mwanzo au ya wilaya?

Ndugu, umeuza mahindi kwa mkopo, jamaa anadaiwa milioni 6 na unataka uende moja kwa moja wilayani kisa ya mwanzo ni ya kesi za kuku. Hapana bana, usiidharau. Tanzania bara mahakama ya mwanzo inasikiliza madai ya mkataba mpaka milioni 30, na kesi ya madai unaanzia mahakama ya chini kabisa yenye uwezo nayo, ukiruka wanaweza kukurudisha na muda umeshapotea.

Nenda ile ya eneo anapoishi mdaiwa, beba karatasi aliyosaini, zile meseji za kuomba muda na kama kuna mtu alishuhudia gunia zinapakiwa mwambie ajiandae, maana hapo ndo kesi nyingi zinakufa, mtu anakuja na mdomo tu. Kila kitu Kiswahili kwahiyo hata bila wakili unajieleza.

Ukishindwa unakata rufaa mahakama ya wilaya ndani ya siku 30, halafu Mahakama Kuu.

Ila ingekuwa ugomvi wa shamba ningekwambia vingine, ardhi ina mabaraza yake.