Je, napata dhambi kuwasaidia wakimbizi wasio Waislamu?

Swali:

Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu. Pamoja na wanawake wenzangu tunajitolea kuzipokea familia za wakimbizi zinazohamia mtaani kwetu. Tunawasindikiza hospitali, tunawaandikishia watoto shule, tunawajazia fomu. Baadhi yao si Waislamu. Ustadhi mmoja amesema kwenye darsa kwamba anayewahudumia makafiri amewafanya vipenzi, na kwamba kama hatuna budi kuwasaidia, basi tuwape sharti la kuhudhuria mawaidha kwanza. Mama mkwe naye ananiambia nimeiacha nyumba yangu kwenda kutengeneza za watu. Siku hizi usingizi hauji. Je, napata dhambi? Na saa ninazotumia, naweza kuzihesabu katika zaka?

Jibu:

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, hupati dhambi. Unachofanya ni ibada ukikinuia hivyo, na kuwepo kwa wasio Waislamu miongoni mwa unaowahudumia hakukupunguzii kitu.

La zaka ni fupi. Zaka ni haki iliyo katika mali na hutolewa mali. Saa zako ni sadaka, usizikate humo. Na zaka ya faradhi, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, hupewa Waislamu, ukiacha fungu la wanaotiwa nguvu nyoyo zao, yaani wanaopewa ili nyoyo zao zivutwe kwenye Uislamu. Sadaka haina mpaka huo.

Kilichonifanya nikae niandike ni hilo darsa, kwa sababu maneno hayo yanazunguka na yanawavunja moyo watu wema. Wanaoyasema wanashika mambo mawili. La kwanza ni aya ya 51 ya Suratul Maida, inayokataza kuwafanya Mayahudi na Wakristo marafiki wa kutawalishwa mambo yetu. La pili ni hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi: usisuhubiane ila na muumini, na asile chakula chako ila mchamungu.

Aya ni haki na hadithi ni haki. Ila aya inazungumzia kumuunga mkono mtu dhidi ya dini yako na watu wako. Sasa mwanamke aliyefika na mabegi mawili na mtoto mwenye homa, ukimwonyesha dirisha la kuandikishia wagonjwa, umemuunga mkono dhidi ya nani? Mwenyezi Mungu hakutuacha tukisie. Katika Suratul Mumtahana, aya ya 8, anasema hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Na aya ya 9 ikawataja tunaokatazwa kuwafanya marafiki: waliotupiga vita, waliotutoa majumbani, na waliosaidia kututoa. Huyo mama wa homa ndiye aliyetolewa nyumbani kwake. Mtu anasomaje aya hizi mbili kisha amweke upande wa waliomtoa?

Ama hadithi, Imamu Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria na aliyeisherehesha Sunan ya Abu Daud, aliliona tatizo hili zamani akalimaliza. Alisema hicho ni chakula cha mwaliko na usuhuba, si chakula cha haja. Hoja yake ni Suratul Insan, inayowasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka. Na mateka wa zama zile walikuwa makafiri. Ukimlisha mateka aliyekuja kukupiga unasifiwa, ukimjazia fomu mkimbizi asiyemjua hata adui yako unalaumiwa? Elimu ya namna hii sijui inasomwa wapi.

Tena tukumbuke tulianzaje. Waislamu waliokimbia mateso ya Makka, kuanzia mwaka 615, walipata hifadhi Uhabeshi kwa Najashi, naye wakati ule alikuwa mfalme Mkristo. Makureshi, kabila lililokuwa na nguvu Makka, walipotuma wajumbe na zawadi ili warudishiwe watu wao, mfalme aliwaita wakimbizi akawasikiliza. Jaafar bin Abi Talib akamsomea mwanzo wa Suratu Maryam, na wajumbe wakarudi na zawadi zao. Najashi hakuwaambia wahudhurie kanisani kwanza ndipo wakae. Ustadhi wetu angelionaje sharti kama hilo lingewekwa?

Hilo la sharti ndilo baya zaidi, kwa kuwa linavaa nguo ya da'awa. Baadhi ya Masahaba waliona uzito kuwapa sadaka jamaa zao washirikina, na Ibn Abbas amepokea kwamba hapo ndipo iliposhuka aya ya 272 ya Suratul Baqara: si juu yako kuwaongoa, bali Mwenyezi Mungu humwongoa amtakaye; na heri mtakayoitoa ni kwa ajili ya nafsi zenu. Jambo lenyewe lilishaulizwa likajibiwa. Anayekuja kwenye mawaidha kwa sababu bila hivyo mwanawe hatapata shule, huyo hajaja kwenye mawaidha. Akikuuliza mwenyewe kuhusu dini yako, mjibu kwa uzuri. Asipouliza, mjazie fomu yake.

Sasa niseme na wewe juu ya kazi yenyewe, maana naona mtu anaweza kuwa na haki katika hukumu akaharibu katika utendaji.

Watu wetu wana msemo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi nausikia ukitumiwa kuwasema wakimbizi, kana kwamba wamelikataa jembe. Wengi wao wanalitafuta na hawajui linapatikana wapi. Abdurahman bin Auf alipohamia Madina, Saad bin Rabii alimtaka wagawane mali nusu kwa nusu. Abdurahman akamwombea baraka katika mali yake na watu wake, kisha akasema: nionyesheni soko lilipo. Alirudi na jibini kavu na samli, na haukupita muda mrefu akaoa. Vilevile Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina, walipotaka mitende yao igawanywe kati yao na ndugu zao, Mtume (S.A.W.) alikataa; wakakubaliana Muhajirina, yaani waliohamia kutoka Makka, washiriki kazi na washirikiane mavuno. Na baada ya Khaibar, Muhajirina wakawarudishia Ansari mitende waliyopewa. Kwa hiyo usijipime kwa idadi ya wanaokuhitaji. Jipime kwa waliokwisha kujua njia ya soko.

Mnapofika dirishani, baba wa familia ashike kalamu mwenyewe hata kama foleni nyuma yenu inanung'unika. Wewe kaa pembeni, umsaidie anapokwama. Barua yake usiisome kwa sauti mbele ya majirani, ni amana. Na msimfanye mtoto kuwa mkalimani wa mama yake kwa daktari. Mtoto wa miaka tisa analazimika kutamka ugonjwa wa tumbo la uzazi la mama yake, mama anaona haya anaficha nusu, na daktari anatibu hiyo nusu aliyoambiwa. Tafuteni mwanamke mtu mzima anayejua lugha yao. Wala msiwaulize waliyoyaona vitani. Anayetaka kusema atasema.

Picha za kukabidhi unga, acheni. Mwenyezi Mungu amekataza kuiharibu sadaka kwa masimango na udhia, na picha hiyo ni masimango yasiyokoma, kwani watoto wa yule mama wataikuta wakiwa wakubwa. Usiahidi usichokimiliki pia. Ukisema "nyumba itapatikana" kwa kumfariji tu, yeye atafungasha mizigo.

Nije kwa mama mkwe. Usimjibu kwa hukumu hii yangu, tafadhali, wala usimsomee. Ana neno la haki ndani ya lawama yake. Salman alipomkuta ndugu yake Abu Dardaa amezama katika kufunga na kusimama usiku hadi mkewe hana habari naye, alimwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) akasema: Salman amesema kweli. Ikiwa hiyo ni kwa swala na saumu, kujitolea hakuwezi kuwa na ruhusa kubwa zaidi. Kaa na mumeo mpange siku zako, kisha ziambie familia hizo siku hizo ni zipi. Simu za usiku zipokelewe kwa zamu na wenzako. Nyumba yenye mwanamume peke yake usiende bila mwenzako.

Na mama mkwe, akiridhika, mchukue siku moja kwa familia yenye mzazi mzee. Wewe una haraka ya fomu. Yeye ana muda wa kukaa na bibi ambaye tangu afike hajakaa na mtu wa umri wake.

Wallahu aalam.