Silikanti: jina la Kigiriki, samaki wa Tanga

Maswali ya safari hii karibu yote yanamhusu silikanti, nami nimefurahi, maana watoto wa Tanga wanastahili kulijua jina hili vizuri kuliko watu wengine.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Makorora: Neno silikanti limetoka wapi?

Ni maneno mawili ya Kigiriki: *koilos*, chenye uwazi ndani, na *akantha*, mwiba. Aliyeyaunganisha ni Louis Agassiz, mtaalamu mzaliwa wa Uswisi, alipoeleza kisukuku cha samaki, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, mwaka 1839. Aliona kwamba vijiti vya pezi la mkia vina uwazi katikati, kama mwanzi. Yeye alikuwa na mawe tu mbele yake. Baadaye wanasayansi waliamini jamii hiyo ilitoweka miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na dinosaria. Kisha Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho wa East London, Afrika Kusini, akamkuta mmoja kati ya samaki walioshushwa na meli ya uvuvi. Mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith akamwita *Latimeria* kwa heshima ya mama huyo.

Mvuvi, Kigombe: Samaki huyu tumemwona kwenye jarife. Huo uwazi uko wapi?

Uko hata mgongoni, kaka yangu. Hana pingili kamili kama za changu au jodari. Ana bomba nene lililojaa majimaji yenye mafuta, nalo ndilo linalomshikilia mwili. Kwa kuwa mnamwona, niseme na hili. Silikanti huishi kwenye kina cha zaidi ya mita 100, huzaa watoto hai, na makadirio yaliyotolewa 2021 yanasema mimba yake huchukua miaka 5 hivi. Samaki wa namna hiyo akivuliwa, pengo lake halizibiki upesi. Hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa hapa Tanga mwaka 2009 kwa sababu hiyo, na kwa maoni yangu majarife ya papa hayafai kabisa kutegwa kwenye kina kile.

Mwalimu wa baiolojia, Pongwe: Kiambishi hicho cha "sil-", kilichotoka kwenye *koilos*, kinapatikana kwingine?

Ndiyo, mwalimu, na kinarahisisha kufundisha. Silomu ni uwazi ulio kati ya utumbo na ukuta wa mwili. Mpasue nyungunyungu darasani mtauona. Silenterata, jina la zamani la kundi la matumbawe na yavuyavu, linaongeza *enteron*, utumbo: wanyama ambao uwazi wa ndani ndio tumbo lao. Hata ugonjwa wa siliaki, wa watu wanaodhuriwa na gluteni ya ngano, umetokana na *koilia*, tumbo, la mzizi uleule.

Msomaji, Chumbageni: Mbona Kigiriki kina "koi" nasi tunasema "si"?

Kilatini kiliandika *coe*, Waingereza wakaitamka "si", nasi tukaipokea kutoka kwao.