Barua kwa mwanangu: kuhusu ule ugali wa jana

Marahaba mayu. Meseji yako niliisoma juzi usiku, nikaona nisijibu juu juu, maana ukinipigia simu najijua nitasema "hamna kitu mama, kila kitu sawa" alafu tutahamia kwenye habari za mvua na ada za watoto, basi imeisha. Ndo nimekaa leo niandike taratibu.

Umeniuliza hivi: "Baba, nilikukosea nini ulipokuja Dodoma? Nilikuandalia mayai, soseji na mkate, wewe ukauliza ugali wa jana uko wapi, dada akakwambia tumeshamwaga, ukanyamaza mpaka tunakupeleka stendi. Chakula changu hukukipenda?"

Kwanza toa hilo moyoni. Chakula chako nilikipenda, ule wali wa ijumaa niliongeza mara mbili na mkwe wangu alikuwepo. Hujanikosea. Ila ni kweli nilinyamaza, na ni kweli nilipoenda kutupa ganda la ndizi niliuona ule ugali kwenye ndoo ya takataka, nusu sufuria nzima, mweupe, juu ya maganda ya viazi. Nikashindwa kusema kitu, na nisingeweza kusema pale mezani mbele ya wajukuu bila kuharibu asubuhi yenu.

Wewe mwanangu umekuta kiporo ni kitu kilichobaki, watu wameshiba kimebaki. Kwetu kule Magu haikuwa hivyo kabisa. Mama, huyo bibi yako uliyebeba jina lake, alikuwa anasonga ugali wa jioni akiwa na hesabu ya asubuhi kichwani. Tulikuwa watoto sita, kila mtu anajua jioni unakula mpaka wapi, na ule ugali unaobaki hakuna wa kuugusa, unafunikwa na ungo juu ya kinu, ni wa kesho. Yaani kiporo kilikuwa kinapikwa kama chakula kingine, kwa makusudi. Asubuhi kabla jua halijatoka anafukua majivu, makaa ya usiku bado mekundu, anakata vipande vya ugali kama matofali madogo anavisimamisha pembeni ya makaa. Unakaa unavitazama. Kwanza vinatoa moshi kidogo, alafu upande wa motoni unaanza kubadilika, unakuwa wa njano, unakuwa wa kahawia, unafanya gamba na gamba linapasuka pasuka kama udongo wa jarubani kiangazi, na harufu inayotoka hapo mwanangu sijawahi kuipata kwenye mkate wa duka lolote. Ukivunja nje kunalia kaa, ndani laini na moto. Ng'ombe wakiwa na maziwa unashushia na ya mgando, wasipokuwa nayo ni chai ya rangi, na miaka hiyo ninayoisema chai ya rangi maana yake haina sukari pia.

Maana sukari ilikuwa habari nyingine. Mi nimezaliwa 1972, vita na Amini ilianza mwishoni mwa 1978 sijaanza hata shule, ilipoisha Mwalimu akasema tufunge mikanda miezi 18, na hiyo miezi 18 ikawa miaka. Sukari, sabuni, mafuta ya taa, khanga, vyote vinakuja duka la kijiji siku moja moja, jina linasomwa kwenye daftari la balozi wa nyumba kumi, mnapanga foleni toka usiku, mnapewa kilo moja kwa kaya au mnaambiwa imeisha. Mama akiipata anaificha kwa ajili ya wageni na wagonjwa. Uji wetu ulikuwa wa ukwaju, unaloweka ukwaju unakamua ule uchachu unamiminia kwenye uji wa mtama, na mpaka leo mi uji wa sukari tupu nauona kama umesahauliwa kitu.

Alafu ukaja unga wa yanga. Nadhani umewahi kusikia watu wanautaja. Mvua zilikuwa zinakosea, mahindi hayakutosha, serikali ikapata mahindi ya msaada kutoka Marekani, ya njano, watu wakaupa jina la timu kwa sababu ya rangi ya jezi. Ukisonga unapata ugali wa njano kabisa, una utamu fulani hivi na haushikani kama wetu. Wakubwa waliuonea aibu sana, walikuwa wanasema kwa wenzetu huko ni chakula cha mifugo, kuna wazee walikuwa wanafunga mlango wakati wa kula. Sisi watoto tulikula. Mama alikuwa anauchanganya na unga wa muhogo ili ushikane na ile rangi ipungue, na hakutaka tuuseme vibaya ndani ya nyumba yake hata siku moja. Siku hizi nasikia wataalamu wanasema mahindi ya njano yana vitamini kuliko meupe, na viazi lishe vile vya rangi ya chungwa vinahimizwa kanda ya ziwa yote kwa sababu hiyo hiyo. Nikisikia hivyo nawakumbuka wale wazee waliofunga milango.

Mboga hatukuwa na shida sana kwa sababu ya ziwa. Kabla sangara hajajaa kulikuwa na furu, visamaki vidogo vya vidole viwili vitatu, vinatungwa kwenye vijiti vinakaushwa, mwanamke anatoka mwaloni na kikapu anapita kaya kwa kaya anabadilisha na mtama au muhogo, hela haihitajiki. Mama anavitwanga na karanga kwa sababu mafuta hakuna, mchuzi unakuwa mzito wa kahawia, kichungu kidogo kule mwisho wa ulimi. Huo mchuzi sitaula tena na wewe hutaujua. Nilipomaliza la saba 1985 wavuvi walikuwa wameshaanza kulalamika kwamba nyavu zinaleta sangara tu, furu wameliwa karibu wote. Ulivyokuwa mdogo tunakaa Kirumba wewe ulikuta mapanki, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya sisi tunauziwa mifupa na vichwa vimekaangwa kwenye mapipa. Ulikuwa unayapenda kweli, sijui kama unakumbuka, ulikuwa unanyonya ule mfupa wa shingo mpaka unakuwa mweupe.

Usifikiri nakwambia kila kitu kilikuwa kitamu. Nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, niliyachukia na hata leo ukinipikia nitayala kwa heshima yako tu. Na kulikuwa na njaa ya kweli, mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili mvua imeshanyesha, mnalima tumbo tupu, kihenge cha kuwekea chakula ukikigonga kinalia maana ni kitupu. Kuna watoto jirani zetu walivimba miguu nywele zikawa nyekundu, tukaambiwa ni mchawi, nimekuja kujua ukubwani ni utapiamlo. Kumbikumbi wa mvua za kwanza walipotoka kwenye vichuguu tulikuwa tunakimbilia kama harusi, na haikuwa starehe, ni kwamba tulikuwa hatujala nyama miezi.

Ndo maana ya michembe. Na hapa mayu ndo jibu lako lilipo, nilikuwa nazunguka.

Viazi vitamu vinavunwa mvua zikiisha, mwezi wa tano wa sita, vingi kwa mara moja na havikai, kwahiyo wanawake wanamenya wanakata vipande vyembamba wanaanika juani, hiyo ndo michembe. Ukichemsha kwanza ndo ukate uanike yanakuwa matobolwa, mekundu magumu kama kokoto, tulikuwa tunajaza mfuko wa kaptula tukienda kuchunga, unaweka moja shavuni, dakika kumi za kwanza hakuna kitu ni kama unanyonya jiwe, baadae linaanza kulainika pembeni na utamu unatoka kidogo kidogo mpaka mchana. Hiyo ndo ilikuwa pipi yetu. Ila michembe ndo chakula cha kaya, inakaa kwenye kihenge mpaka ile miezi ya njaa.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mwamba mkubwa tambarare, unajua mawe ya kwetu, mama alikuwa anaanika juu yake, na ukijaa kwa mbali unaona kama jiwe limeota ukungu mweupe. 1983 nilikuwa darasa la tano. Walikuwa wameanika michembe ya shamba zima, kazi ya wiki mbili ya mama na shangazi zangu, mikono yao imekuwa myeusi kwa ule utomvu wa maganda. Siku hiyo wote walienda kuvuna pamba, mi nikaambiwa nibaki nifukuze mbuzi na kuku na nitazame mawingu. Nikakaa mpaka saa nane hivi. Alafu nikasikia ngoma, Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Kisukuma, walikuwa wanashindana kijiji cha pili, na mwaka huo kulikuwa na mcheza na chatu aliyekuwa anasifiwa kila mahali. Nikasema naenda naangalia kidogo narudi.

Mvua ilitoka ziwani. Msimu ulikuwa umeisha, hakuna aliyeitegemea, na ilikuja ile ya kumwaga sio ya kunyunyiza. Nilikimbia njia nzima, nimefika maji yanateremka kwenye mwamba yamebeba michembe kama majani, mingine imeshaingia kwenye nyasi na tope. Nikaanza kuokota na shati. Mama akanikuta hapo, wamelowana wote, hakusema kitu, akaweka chini mzigo wa pamba akainama tukaokota wote mpaka giza, akawasha kibatari tukaendelea. Hakunipiga. Baba alitaka kunipiga akamwambia amwache.

Tuliianika upya lakini ilishakuwa myeusi na ikaota kuvu kwa ndani, ile harufu ya nguo iliyokaa kwenye maji. Mama hakuitupa. Akaitenga kwenye tenga lake peke yake. Ikakaa mpaka mwezi wa kumi na moja kihenge kilipolia, siku moja jioni akaitoa akaichemsha akatwanga na karanga kidogo zilizobaki akatupakulia wote na yeye pia. Ilikuwa chungu, uchungu wa koo sio wa ulimi. Mdogo wangu wa mwisho akatema akaanza kulia, mama akampa kikombe chake cha uji. Mimi nilikula zamu yangu nikamaliza nikala na ile aliyotema mdogo wangu. Mama akawa ananitazama, hajakasirika, ananitazama tu ameshika kitambaa begani. Tulikula ile michembe wiki tatu nzima.

Hiyo habari sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako hajui. Sasa wewe asubuhi ile ulisimama karibu na jiko na kitambaa begani, unaniangalia kwa nini nimenyamaza, na jina ni lile lile. Nikaona nikifungua mdomo nitalia mbele ya watoto. Ndo hivyo tu mwanangu, sikuwa na hasira na wewe wala na yule dada, naye mwambie asijisikie vibaya, alifanya usafi kama alivyofundishwa.

Nije kwenye mambo ya kufanya. Kuna basi linatoka Mwanza jumanne, nitampa konda mfuko, ndani kuna michembe debe moja ya mwaka huu na karanga kilo tatu za Magu. Michembe usiipike kama viazi vibichi. Ioshe, iloweke saa moja au mbili, ichemshe kwa maji yanayoifunika tu, ikishalainika mwaga maji yaliyozidi, weka karanga ulizotwanga na chumvi kidogo, punguza moto, funika, usikoroge sana ikavurugika. Sukari usiweke kabisa. Wajukuu wakikataa siku ya kwanza usiwalazimishe, wape jioni wakitoka kucheza wana njaa. Matobolwa nimeweka kwenye kikopo cha Blue Band, hayo ni ya yule mkubwa peke yake, mwambie babu amesema asiyatafune atavunja jino, aweke shavuni asubiri.

Na nikija mwezi wa kumi na mbili, siku ya kwanza tu naomba usinunue mkate. Songa ugali wa jioni mkubwa kidogo kuliko kawaida yenu, utakaobaki uweke kwenye sahani, usifunike na mfuniko wa plastiki utatoa jasho uwe mlegevu, funika na kitambaa kikavu. Jiko la mkaa mnalo pale nje nililiona. Asubuhi nitawasha mwenyewe, niamshie tu yule mkubwa aje akae na mimi.

Baba yako.