Ustadh, nisaini karatasi ya "jinsia ni mbili tu"?

SWALI: Asalaam aleikum ustadh. Ijumaa tulipotoka msikitini kulikuwa na vijana na makaratasi wanakusanya saini, wanataka sheria ya Kenya iseme wazi kwamba mtu ni mwanamume au mwanamke basi, hakuna la tatu. Mie nshashika kalamu nikasita, manake jirani yangu ana mtoto wa miaka sita, tangu kuzaliwa haijulikani ni wa kike au wa kiume. Je nikisaini nitakuwa nimemdhulumu? Na nisiposaini nimeasi? Ni mimi dada yako wa Likoni.

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Dada yangu, huko kusita kwako kuna fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, ndani yake, wapo waliosoma miaka na miaka wangesaini bila hata kusoma.

Tuanze na lisilo na mjadala. Allah kaumba jozi, dume na jike, iko Surat An-Najm aya ya 45, na Mtume s.a.w. kawalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume, Bukhari kaipokea. Sawa. Lakini huyo mtoto kajifananisha na nani? Kazaliwa hivyo! Huyo kwenye vitabu vyetu anaitwa huntha, na ana mlango wake kamili.

Tena habari yake ni ya zamani hata kabla ya Uislamu. Ibn Hisham anasimulia kwenye sira, kitabu chake cha maisha ya Mtume, kwamba Waarabu walikuwa na hakimu wao Amir bin Dharib, siku moja kaletewa kesi ya huntha, ni mwanamume au mwanamke? Mzee kakosa jibu, usiku kucha anagaragara tu kitandani. Kijakazi wake Sukhaila, mchunga mbuzi ambaye kila siku alikuwa akimgombeza kwa kuchelewa, akamuuliza una nini wewe leo, akamwambia niache, kisha akamweleza. Kijakazi akasema angalia anakojolea wapi, hukumu kwa hapo. Yakaisha! Na mafaqihi wetu wakashika hiyohiyo, na imepokewa pia kwa Sayyidna Ali r.a. kwenye mirathi.

Isipobainika kwa mkojo husubiriwa balehe. Ikizidi kutatiza ndo huntha mushkil, na sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, kwenye mirathi tunampa kila mrithi kile cha yakini, kilichobaki kinawekwa mpaka mambo yabainike au wapatane. Umeona? Hawakusema hayupo wala hawakumlazimisha upande kwa kubahatisha.

Sasa njoo hapa kwetu. Kuna mtoto alizaliwa Kenya 2009, kwenye karatasi za hospitali mahali pa jinsia pakawekwa alama ya kuuliza, "?", kesi ikafika Mahakama Kuu ikaamuliwa 2014. Sensa ya 2019 ikawahesabu wenye hali hiyo 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja na haki zao. Hayo mie naona yako karibu na kitabu cha fiqhi kuliko hiyo karatasi ya vijana, ingawa najua wengine wataninunia.

Kwa hiyo omba hiyo karatasi uisome yote. Ikiwa inazuia mtu mzima aliye wazi kabisa kubadilishiwa jinsia kwenye kitambulisho kwa matakwa yake, na inamwacha huntha na haki yake, saini ukipenda, si faradhi lakini. Ikiwa imefunga mlango kabisa, waambie waongeze mstari mmoja tu wa huntha, wakikataa rudisha kalamu yao na huna dhambi yoyote inshallah.

Na tafadhali, usiwaeleze hao vijana habari za jirani yako hata kwa nia njema, hiyo ni sitara ya mtoto. Mama yake akitaka kujua swala na safu, manake huntha husimama nyuma ya wanaume mbele ya wanawake, na madrasa ya hapa mtaani sidhani wanalijua hilo, mwambie aje nyumbani baada ya alasiri, mke wangu yupo atamkaribisha. Wallahu aalam.