Maji kuchemka kwa nyuzi 94 hapa Nairobi: kijana hajakosea

Mama Kevo, umeuliza kama maji yenu yana uchafu, kwa kuwa themomita ya kijana iligoma kwenye 94 na mwalimu akamkata alama akisisitiza kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Nimefanya kazi miaka mingi katika maabara ya shule hapa Nairobi, na sijaona maji yakifika 100 kwenye bika (chombo cha kioo cha maabara) iliyo wazi.

Hiyo 100 ya vitabuni ni ya usawa wa bahari. Mombasa utaipata. Huku tuko zaidi ya mita 1,600 juu, presha ya hewa ni ndogo, kwa hiyo maji hayahitaji joto jingi hivyo ili yageuke mvuke. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi moja. Ndiyo maana maharagwe huku yanakula makaa kuliko pwani.

Uchafu kama chumvi, tena, hufanya kinyume: hupandisha kiwango hicho, ila kidogo mno. Utie karibu gramu 58 za chumvi katika lita nzima ndipo upate nyuzi moja. Kwa hivyo cha kutazama ni kama namba imetulia. Maji yasiyo na kitu ndani, hata ukiongeza moto, themomita haisongi, maana joto lote linatumika kuyageuza mvuke. Ya chumvi huzidi kupanda kadiri yanavyopungua. Hapo ndipo unapotofautisha kampaundi (kama maji matupu) na mchanganyiko (kama maji yenye chumvi).

Ila asisome mapema. Vile vipovu vidogo vinavyong'ang'ania ukuta wa bika maji yakianza kupata moto ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani, si mvuke. Angoje mapovu makubwa yanayotoka chini na kupasukia juu. Bulbu ya themomita nayo isiguse kitako cha bika.

Na kwa aliyesema kwamba kuchemsha maji ya kisima kunaondoa floraidi, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, hapana! Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi, na kuchemka ni badiliko la kifizikia tu: maji yanaondoka, floraidi inabaki, tena ikiwa nyingi zaidi katika maji yaliyosalia. Vijidudu vitakufa, hata kwa 94.

Kwenye mtihani kijana aandike 100, aongeze "katika usawa wa bahari". Kwenye ripoti ya jaribio aache 94 yake.