Malengelenge ya ngozi na hofu ya saratani: majibu kwa wasomaji

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 78. Ametokwa na malengelenge makubwa, magumu, yanayowasha mno, na tumeambiwa ni pemfigoidi. Nimesikia huo ni mlango wa saratani. Ni kweli?

Marahaba, na mpe mama pole. Mtoeni hofu kwanza. Pemfigoidi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huishambulia ngozi yenyewe, huwapata hasa waliovuka miaka 70, na umri huo ndio saratani nyingi hujitokeza. Basi maradhi hayo mawili huweza kukutana kwa mtu mmoja bila moja kuzaa jingine. Baadhi ya tafiti zimeona saratani za damu kidogo zaidi kwa wagonjwa hawa, lakini kwa jumla sehemu kubwa ya uhusiano huo inaelezwa na umri.

Sioni haja ya kumpitisha kwenye kila mashine. Apimwe mwili mzima kwa mikono ya daktari, afanyiwe vipimo vya saratani vya rika lake, aulizwe kama amekonda bila sababu au analoa jasho usiku. Pelekeni na dawa zake zote: dawa za kisukari za kundi la gliptini zinaweza kuchochea pemfigoidi, na hilo husahaulika sana.

Kwani hakuna aina ambayo kweli inatokana na saratani?

Ipo, ni nadra, na ndiyo inayoninyima usingizi. Iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1990 na Grant Anhalt na wenzake nchini Marekani. Huitwa pemfigasi ya paraneoplastiki: pemfigasi ni ugonjwa mwingine wa malengelenge, tofauti na pemfigoidi, na neno la pili humaanisha kwamba umetokana na uvimbe. Uvimbe ulio ndani ya mwili, mara nyingi limfoma (saratani ya tezi za limfu), saratani ya damu ya limfositi (aina ya chembe nyeupe) ya muda mrefu au ugonjwa wa Castleman (uvimbe wa tezi za limfu), huivuruga kinga ya mwili hadi igeuke na kukata viunganishi vinavyoshikanisha seli za ngozi.

Mtazame mgonjwa mdomoni. Midomo imefunikwa na magaga meusi ya damu iliyoganda, ulimi umechubuka mpaka pembeni, na funda moja la maji linamtoa machozi. Macho huwa mekundu pia. Vidonda hivyo havisikii dawa kwa urahisi kama vile vya pemfigasi ya kawaida. Wagonjwa wengi huwa wanajua tayari kwamba wana uvimbe, lakini wapo ambao mdomo ndio uliotangulia kusema. Hao wapigwe picha ya CT ya kifua na tumbo bila kungoja. Akianza kukohoa au kubanwa pumzi, ni dharura, kwa kuwa ugonjwa huu hushambulia hata njia ndogo za hewa, na madhara hayo hayarudi nyuma. Uvimbe wa Castleman ukitolewa wote kwa upasuaji, ngozi huweza kupona taratibu kwa miezi. Kwa limfoma, ngozi haifuati matibabu kila mara.

Nina pemfigoidi ya mdomo na macho. Daktari anataka kipimo cha laminini 332. Cha nini?

Ana sababu. Laminini 332 ni protini inayosaidia kushikiza tabaka za ngozi. Wenye kingamwili dhidi ya protini hiyo wameonekana kuwa na saratani zaidi kuliko wenzao. Kikitoka chanya, utafutwe uvimbe. Kikitoka hasi, bado uendelee kuonwa na daktari wa macho, maana makovu hupofusha.

Je, yanaambukiza?

Hapana. Mkumbatieni mgonjwa wenu.

Natumia prednisoloni na azathioprini kwa pemfigasi. Naogopa dawa zenyewe zisiniletee saratani, nataka kuziacha.

Usiziache ghafla, tafadhali. Mwili uliozoea prednisoloni ukinyimwa ghafla unaweza kuanguka kabisa, na pemfigasi isiyotibiwa huua. Kuhusu azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, hujakosea: ikitumika miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ngozi na ya limfoma. Jikinge na jua kali, vaa mikono mirefu na kofia pana, na doa au kidonda kipya kisichopona kionyeshe mapema. Mwulize daktari wako kuhusu rituksimabu, dawa nyingine ya kutuliza kinga, iliyoidhinishwa Marekani kwa pemfigasi mwaka 2018. Kwa wengi imewawezesha kupunguza prednisoloni hatua kwa hatua.