Muulize Fundi: Wezi wameupinda mlango wa Landrova ya baba

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu baba aliniachia Land Rover 109 ya mwaka 1976, Series III, na mpaka leo inatembea. Wiki tatu zilizopita wezi waliingia uani usiku, mbwa akawakurupusha kabla hawajaiwasha. Mlango wa dereva, ile sehemu ya juu yenye madirisha, umepindwa kuja nje hadi ngumi inapita. Kioo cha kuteleza kimepasuka. Chini, karibu na kitasa, bati limebonyea na kuchanika kidogo, bisibisi imeacha alama kila mahali. Fundi wa hapa anasema atachomelea palipochanika, apige puti na rangi, halafu aniwekee kioo cha dirisha la nyumba. Mwingine anasema nitafute mlango mwingine kabisa. Nishike lipi? (Mwenye Landrova, Iringa)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Mbwa huyo mpe nyama.

Kama hujachukua RB polisi, ile namba ya taarifa ya tukio, chukua, na piga picha kabla ya mtu yeyote kugusa kitu. Ukiwa na bima kubwa utazihitaji.

Sasa tafuta sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio. Iweke kwenye bati la mlango, chini ya kitasa. Itaanguka. Iweke kwenye fremu iliyo ndani ya mlango. Itang'ang'ania. Landrova ilipoanza mwaka 1948 Uingereza ilikuwa inatoka vitani, chuma cha kugombania, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa alumini na mifupa ikabaki chuma. Fundi anayetaka kuchomelea bati hilo kwa mashine aliyozoea kuchomelea mageti, mkaribishe chai, asiguse gari. Chuma kikipata moto hukuonya, kinakuwa chekundu. Alumini haisemi kitu, unaiona vilevile tu, ghafla imedondoka chini. Mwaka 1989, nikiwa bado msaidizi kwenye gereji moja hapa Arusha, niliona mchaniko wa urefu wa kidole ukigeuzwa tundu la kupitisha kisahani cha chai. Mwenye gari alikuwa amesimama palepale.

Tuanze na sehemu ya juu, maana inatisha kwa macho lakini ndiyo rahisi. Haijaungwa na mlango wa chini, imefungwa kwa nati. Zitakuwa zimeganda, kwa hiyo zimwagie dizeli jioni, uzifungue asubuhi. Ukishaitoa, ilaze kwenye sakafu ya sementi iliyonyooka na utaona imeinuka wapi. Weka kipande cha mbao chini, kanyaga taratibu, pima, kanyaga tena. Kipimo chako ni mlango wa abiria. Usiinyooshe ikiwa bado kwenye gari, utahamishia nguvu kwenye bawaba na nguzo ya mlango, halafu kila mvua utakaa na maji mapajani. Kama fremu imeoza na kutu chini ya reli ya kioo, hapo ndipo utafute nyingine ya mtumba. Milango ya mbele ya 88, ile Landrova fupi, na 109 ndefu kama yako inaingiliana, kwa hiyo usimkubali anayekwambia yako ni adimu.

Lile bonde la chini ndilo linataka mikono. Alumini ikishapigwa na kupindwa inakuwa ngumu, ukiirudisha kwa nyundo hivyo hivyo inapasuka. Lazima uilainishe kwanza. Kwangua rangi yote mahali hapo, kisha chukua sabuni ya mche, ile ile ya kufulia, uisugue kavu juu ya bati hadi iache utando. Pitisha moto wa gesi kwa mbali, ukiuzungusha, usitulie mahali pamoja. Sabuni itaanza njano, itaenda kahawia, na ikiwa nyeusi kama kahawa iliyoungua, toa moto hapo hapo. Bati likipoa litakuwa laini, utalisukuma karibu kwa kidole gumba. Shika kipande cha chuma chenye uso laini upande wa ndani, piga kwa nyundo ya mbao upande wa nje, kuanzia pembeni mwa bonde kuelekea katikati. Wanaoanza katikati hulitanua bati, likabaki linapwaya kama kifuniko cha debe. Kabla ya moto, ondoa kila kinachoungua ndani ya mlango.

Palipochanika, kama ni kidogo, toboa tundu dogo mwisho wa mchaniko ili usiendelee, kisha weka kiraka cha alumini kwa ndani na ukifunge kwa riveti za alumini. Kitaonekana kidogo. Mimi kiraka safi cha riveti kwenye Landrova nakipenda kuliko puti kilo mbili. Umri wake unaruhusu.

Rangi: mwambie fundi atumie praima, ile rangi ya chini, ya alumini. Ile ya kawaida itabanduka vipande vipande. Na popote chuma kinapogusana na alumini, weka grisi au kipande cha mpira katikati, la sivyo baada ya mvua kadhaa utaona unga mweupe unatoka, na unga huo ndio mlango wako unaoliwa.

Kioo cha nyumba nakataa kabisa. Kikivunjika kinatoa visu, na shingo yako iko hapo hapo. Bahati yako vioo vya Landrova hiyo ni bapa, havina mkunjo, kwa hiyo fundi vioo anaweza kukukatia kutoka kioo cha tabaka mbili chenye plastiki katikati. Hata kioo cha mbele cha gari bovu kinafaa, mradi nacho kiwe bapa: kama kimepasuka lakini kimeshikana, ni hicho. Kile kinachomwagika kama chumvi hakikatiki, usipoteze nauli. Mpelekee kioo cha upande wa pili apime unene, na asage kingo. Reli mpya zenye manyoya ziweke wakati huo huo, za zamani zinashika maji kama sifongo.

Kuhusu hao jamaa kurudi: komeo la kioo kile halijawahi kumzuia mtu mwenye bisibisi. Kata fimbo ya mbao inayoenea ndani ya reli, nyuma ya kioo, uilaze pale kila usiku. Kikisukumwa kinagota. Yangu niliipaka rangi nyekundu baada ya kuisahau asubuhi moja, trafiki amesimama dirishani ananiamuru nifungue kioo, nami nakivuta kwa mikono miwili.